Baba ametumwa Nairobi kwa kipimo cha PET: je, kitatuambia kama ni saratani ya mapafu?

BARUA

Shikamoo Daktari,

Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto watano, na ninakuandikia kutoka Voi kwa sababu tumefika mahali ambapo kila mtu nyumbani ana neno lake na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Baba yetu ana umri wa miaka 66. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, alivuta sigara kwa zaidi ya miaka thelathini, na aliacha alipostaafu. Ana kisukari, ambacho anakidhibiti kwa vidonge vya metformini. Mwaka 2011 aliugua kifua kikuu, akameza dawa mpaka akamaliza, akaambiwa amepona.

Tangu mwishoni mwa mwaka jana amekuwa na kikohozi kisichoisha, na mashati yake yameanza kumpwaya. Zahanati ilimpa dawa za nimonia mara mbili bila nafuu. Eksirei ilipoonyesha kivuli tulimpeleka Mombasa akapigwa picha ya CT, na majibu yakasema kuna uvimbe wa sentimita 2.3 katika sehemu ya juu ya pafu la kulia, wenye kingo zilizochongoka, kando ya makovu ya zamani. Karatasi inasema inashukiwa kuwa saratani, lakini historia ya kifua kikuu izingatiwe. Daktari wa mapafu ameagiza aende Nairobi kufanyiwa kipimo cha PET-CT, kisha achukuliwe kinyama kutoka kwenye uvimbe.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Ndugu yangu anayenifuata anasema kipimo hicho cha nyuklia ndicho cha mwisho: uvimbe uking'aa ni saratani, usipong'aa tumshukuru Mungu na kumrudisha mzee nyumbani, kwa hiyo kinyama cha nini? Baba mdogo anapinga kinyama kabisa, kwa kuwa anaamini sindano ikigusa uvimbe inausambaza. Ndugu yetu wa tatu anataka tuuze shamba tumpeleke India moja kwa moja. Dada yetu anayeishi Nairobi, ambaye baba angefikia kwake, ana mimba ya miezi sita na mtoto wa miaka miwili, na ameingiwa na hofu tangu asikie kwamba baba atadungwa dawa yenye mionzi. Baba mwenyewe hajaambiwa lolote. Anachojua ni kwamba anakwenda kupigwa picha nyingine ya kifua.

Naomba unieleze kipimo hiki kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini, tukijiandaeje, na baba aambiwe nini.

Kifungua mimba, Voi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na poleni nyote.

Nianze na maneno ya ndugu yako anayekufuata, kwa sababu ndiyo yanayoweza kumdhuru mzee zaidi yakifuatwa, ingawa yanasemwa kwa nia njema na watu wengi wangekubaliana nayo. Kipimo cha PET hakioni saratani. Kinaona matumizi ya sukari. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg, aligundua kwamba chembe za saratani hutumia glukosi nyingi kupita kiasi cha kawaida, na juu ya jambo hilo moja ndipo kipimo hiki kimejengwa. Mgonjwa hudungwa glukosi iliyobadilishwa kidogo na kuunganishwa na florini-18, elementi yenye mionzi ya muda mfupi. Dawa hiyo, ambayo madaktari huiita FDG na ambayo walidungwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1976 huko Philadelphia, huingia ndani ya chembe kama sukari yoyote, lakini ikishaingia haiwezi kuchomwa hadi mwisho, hivyo inabaki imenasa humo na kuendelea kutoa miale ambayo mashine inainasa kutoka nje ya mwili. Papo hapo mashine hiyohiyo hupiga picha ya CT, na picha mbili zinalazwa moja juu ya nyingine ili daktari ajue mahali hasa panapong'aa ni wapi: kwenye uvimbe, kwenye tezi iliyo kando yake, au kwenye mbavu.

Sasa, chembe za saratani si peke yake zenye njaa ya sukari. Chembe za kinga za mwili zinapopambana na maambukizi nazo huila kwa wingi, na kifua kikuu kilicho hai kinaweza kung'aa kwa ukali uleule wa saratani, katika sehemu ileile ya juu ya pafu ambako magonjwa yote mawili hupenda kukaa. Vivyo hivyo majipu ya mapafu, nimonia inayokawia kupona, maambukizi ya kuvu, na ugonjwa wa sakoidosisi. Ukiona moshi kwa mbali unajua pana moto, lakini hujui kama ni tanuri la mkaa au nyumba ya mtu inayoungua, na mwenye busara hutembea mpaka pale akajionee. Kutembea mpaka pale, katika ugonjwa wa baba yenu, ndiko kuchukua kinyama.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Kenya na Tanzania zote mbili zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Mwaka 2014 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 70 kuhusu FDG na vinundu vya mapafu, na waandishi wake walitenganisha maeneo yenye maambukizi mengi ya mapafu na yale yasiyo nayo. Katika maeneo yasiyo na maambukizi hayo, kati ya kila vinundu 100 ambavyo havikuwa saratani, kipimo kiliviondolea shaka vipatavyo 77, lakini katika maeneo yenye maambukizi kiliviondolea shaka 61 tu. Maana yake ni kwamba katika mazingira kama yetu, karibu vinundu vinne kati ya kila kumi visivyo na saratani vilisomwa kana kwamba ni saratani. Kama watu hao wangehukumiwa kwa picha peke yake, wengine wangepasuliwa kifua au kupewa dawa kali za saratani huku walichohitaji ni vidonge vya kifua kikuu.

Kwa sababu hiyo, kabla hamjakata tiketi, mwulize daktari wa mapafu kama makohozi ya mzee yamepimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu, safari hii, na kama yameoteshwa maabara. Hukulitaja hilo katika barua yako. Kuugua kifua kikuu mwaka 2011 hakumkingi mtu asiugue tena. GeneXpert ni kipimo chepesi kinachopatikana hadi katika hospitali za kaunti, na majibu yake yatabadilisha jinsi picha ya Nairobi itakavyosomwa. Hata hivyo, msije mkachukua jibu la makohozi kuwa mwisho wa safari, kwa kuwa magonjwa haya mawili huweza kuwa ndani ya kifua kimoja, na saratani wakati mwingine huota palepale penye kovu la zamani.

Katika majibu ya PET mtakuta namba inayoitwa SUV, ambayo hulinganisha dawa iliyokusanyika mahali fulani na wastani wa ile iliyosambaa mwilini. Familia nyingi huishikilia namba hii kuliko neno jingine lolote kwenye karatasi. Zamani ilizoeleka kusemwa kwamba inayozidi 2.5 ni saratani na iliyo chini yake si saratani, na bado mtakutana na watu wanaolisema hilo kwa uhakika mkubwa. Msiwafuate. Namba hiyo hubadilika kwa kiwango cha sukari kwenye damu, kwa dakika ambazo mgonjwa amesubiri, na hata kwa mashine iliyotumika, na kifua kikuu kinaweza kuipita kwa mbali sana.

Upande wa pili wa maneno ya ndugu yako, kwamba usipong'aa mzee arudi nyumbani, nao una hatari yake. Zipo saratani za mapafu zinazokua polepole, hasa baadhi ya zile zinazotambaa juu ya kuta za vifuko vya hewa, pamoja na uvimbe wa aina ya kasinoidi, ambazo hutumia sukari kidogo na huweza kupita bila kung'aa. Kinundu kilicho chini ya milimita 8 nacho ni kidogo mno kwa mashine kukisoma kwa uhakika. Uvimbe wa mzee una ukubwa wa kutosha kusomwa, lakini umri wake, miaka ya sigara, kupungua mwili na kingo zilizochongoka ni mambo ambayo daktari hawezi kuyaweka kando kwa sababu tu picha imekaa kimya. Akipata picha isiyong'aa, bado atahitaji kuchukuliwa kinyama au, kwa uchache, kurudia CT baada ya miezi michache chini ya daktari yuleyule. Sikufichi kwamba dalili hizo zikikusanywa pamoja zinatia wasiwasi, na ndiyo maana ninataka mwende, tena bila kuchelewa.

Utaniuliza, kama kipimo hakitaji jina la ugonjwa, daktari amekiagiza cha nini? Amekiagiza kwa sababu kinatazama mwili karibu wote kwa mara moja, na swali kubwa katika saratani ya mapafu, baada ya lile la kama ipo, ni imefika wapi. Nchini Denmark wagonjwa 189 waligawanywa katika makundi mawili, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009: wengine walipimwa kwa njia za kawaida peke yake, wengine wakaongezewa PET-CT. Kundi la kawaida lilifanyiwa operesheni 73 za kufungua kifua, na 38 kati yake zikawa hazikumfaa mgonjwa, ama kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshatapakaa, ama haukuwa saratani, ama ulirudi au mgonjwa akafariki ndani ya mwaka mmoja. Kundi la PET-CT lilifanyiwa operesheni 60, na zisizofaa zilikuwa 21. Hao waliookolewa na kisu kisicho na faida ndio sababu ya kumsafirisha mzee wa miaka 66 hadi Nairobi.

Picha hiyo pia humwonyesha daktari mahali pa kuchukua kinyama. Pengine uvimbe wenyewe umejificha nyuma ya mbavu, lakini kuna tezi shingoni inayong'aa ambayo sindano inaifikia kwa urahisi na kwa hatari ndogo zaidi. Na hapa kuna jambo ambalo naomba ulishike vizuri, uwe tayari kuuliza likitokea. Tezi za limfu katikati ya kifua zikionekana kung'aa, au pakionekana doa moja tu mbali na pafu, tuseme kwenye tezi ya adrenali iliyo juu ya figo, mzee asiambiwe hafai kwa operesheni mpaka pale penye kung'aa papimwe kinyama. Katika mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, tezi hizo huweza kung'aa kwa sababu isiyohusiana na saratani. Kumnyima mgonjwa nafasi ya kupona kwa sababu ya doa ambalo hakuna aliyelihakikisha ni kosa kubwa kuliko kuchelewa kwa wiki moja. Ubongo nao hausomeki vizuri kwa njia hii, kwa kuwa siku zote hula sukari nyingi na picha yake huwa imeng'aa yote. Ikihitajika kuuchunguza, ataagiziwa MRI, picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku. Na kama ataonekana anafaa kupasuliwa, kwa kuwa amevuta sigara muda mrefu huenda akaombwa kipimo kingine cha tiba ya nyuklia, kinachotumia teknetiamu-99m kuonyesha kila pafu linapata damu kiasi gani, ili daktari wa upasuaji ajue kama pafu atakalobaki nalo mzee linamtosha kupumua.

Baba mdogo umweleze kwa heshima kwamba hofu yake si ya ajabu, kwa sababu amewaona watu wakipimwa kinyama na kufariki miezi michache baadaye. Wengi wa watu hao walipimwa wakiwa wamechelewa, na ugonjwa ulikuwa umesambaa kabla sindano haijawagusa. Kusambaza saratani ya pafu kupitia njia ya sindano kumewahi kutokea, lakini ni nadra sana. Hatari ambayo daktari atawaeleza, na ambayo mnapaswa kuiuliza, ni hewa kuvuja kutoka kwenye pafu na kujaa nje yake. Mara nyingi hujitibu yenyewe, mara chache huhitaji mrija wa kuitoa, na ndiyo sababu mgonjwa hukaa chini ya uangalizi na kurudiwa picha ya kifua kabla ya kuruhusiwa. Manufaa ya kinyama ni makubwa kiasi kwamba hakuna daktari wa saratani anayestahili jina hilo atakayeanza dawa bila hicho, isipokuwa katika hali za pekee. Mtaalamu wa patholojia akikitazama atasema kama ni saratani, na ya aina gani, na maabara inaweza kukichunguza zaidi kutafuta mabadiliko ya jeni kama EGFR na ALK, ambayo yana vidonge vyake mahususi. PET haiwezi kujibu hata moja kati ya hayo.

Kuhusu India sitasema mengi. Msiuze shamba kwa ajili ya ugonjwa ambao haujajulikana jina. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ina PET-CT na saiklotroni, mashine inayotengeneza florini-18, tangu 2018, na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina kituo chake chenye vifaa vya aina hiyohiyo. Huko nje mzee angelazwa kwenye mashine ya namna ileile na kudungwa dawa ileile. Kama baada ya majibu ya kinyama itaonekana kuna matibabu yasiyopatikana hapa, hapo familia itakaa na kuzungumza ikiwa inajua inanunua nini.

Maandalizi ni sehemu ambayo familia ina nguvu nayo kuliko nyingine zote, hasa mgonjwa akiwa na kisukari. Sukari ya damu ikiwa juu hushindana na dawa kuingia kwenye chembe, na picha huwa hafifu. Hospitali nyingi humrudisha mgonjwa akizidi takriban milimoli 11 kwa lita. Fikiria mzee ametoka Voi, amefunga tangu usiku, halafu anaambiwa arudi wiki ijayo. Ili lisitokee, mpimeni sukari asubuhi kwa siku kadhaa kabla ya safari, na ikiwa haitulii mwoneni daktari wake wa kisukari mapema. Mpigieni simu mtoa huduma wa kituo mwulize kuhusu metformini, kwa sababu hufanya utumbo ung'ae na baadhi ya vituo hutaka isimamishwe siku mbili kabla. Asiisimamishe wala kuiendeleza kwa maamuzi ya nyumbani. Ombeni miadi ya asubuhi. Chakula cha jioni ya kuamkia kipimo kiwe samaki au mayai na mboga za majani, pasiwe na chapati, mahamri, madafu wala chai ya sukari, na baada ya hapo, kwa saa zisizopungua sita kabla ya sindano, ni maji matupu.

Asisafiri usiku na kuingia hospitalini asubuhi hiyohiyo akiwa amebeba mabegi, kwa kuwa misuli iliyofanya kazi hunyonya sukari na hung'aa. Afike Nairobi siku moja kabla, apumzike. Mpeni sweta nzito, hasa mkienda miezi ya Juni na Julai, kwa maana mtu wa Voi akitetemeka kwa baridi ya Nairobi misuli yake itafanya kazi hata akiwa ameketi. Akiwa na homa au nimonia mpya siku hizo, semeni kabla hajadungwa.

Siku yenyewe haina maumivu makubwa. Atatobolewa kidole kupima sukari, atawekewa kanula mkononi, na mhudumu ataleta sirinji iliyovikwa gamba zito la metali linalomkinga yeye mwenyewe anayedunga watu kila siku. Mzee akiona hivyo anaweza kushtuka, akajiuliza kwa nini wao wanajikinga na kitu wanachomtia yeye mwilini. Mwelezeni mapema kwamba yeye anadungwa mara moja, wao wanashika dawa hiyo mwaka mzima. Kisha atalazwa kwenye chumba tulivu, amefunikwa blanketi, kwa takriban saa moja, bila simu na bila mazungumzo, dawa ikisambaa. Ataenda msalani, halafu atalala chali kwenye meza inayopita ndani ya pete pana ya mashine, mikono ikiwa imeinuliwa juu ya kichwa kwa muda wa dakika 20 hadi 30. Mabega ya dereva mstaafu yanaweza kuuma katika mkao huo, na akisogea picha zinaharibika. Aseme kabla ya kuanza ili awekewe mito. Mkipewa picha mkononi, msiogope kuona ubongo, figo na kibofu vinang'aa. Ubongo hula sukari, na dawa hutoka mwilini kwa njia ya mkojo.

Dada yako ana haki ya kuuliza, na jibu lake ni jepesi kuliko hofu yake. Nguvu ya florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110, kwa hiyo saa 11 baada ya sindano huwa imebaki sehemu moja kati ya 64, bila kuhesabu iliyotoka kwa mkojo. Yeye asimsindikize mzee hospitalini, na asiketi naye ubavu kwa ubavu ndani ya teksi. Afadhali mzee apelekwe na wewe au mmoja wa ndugu zako wa kiume, anywe maji mengi akitoka, aende msalani mara kwa mara na kunawa mikono, akae chumba chake jioni hiyo, na mjukuu asipakatwe wala kulala naye mpaka kesho yake asubuhi. Baada ya hapo aishi nao kama kawaida. Kituo kikiwapa masharti marefu zaidi, fuateni ya kituo. Kwa mzee mwenyewe, dawa humpa takriban milisivati 7 za mionzi, na CT huongeza nyingine kulingana na ilivyopigwa. Wastani ambao kila mtu duniani hupata kutoka ardhini na angani ni takriban 2.4 kwa mwaka. Ni mionzi ya kuhesabiwa, lakini kwa mtu wa umri wake mwenye uvimbe unaoshukiwa hivyo, kutojua ndiko kunakomhatarisha zaidi.

Sasa baba mwenyewe. Mwanangu, mwambieni kabla ya safari. Atafunga, atadungwa dawa ya nyuklia, atatia saini, atapita chini ya kibao chenye neno saratani au alama ya mionzi, na mtu aliyeendesha lori miaka yote hiyo anajua kusoma vibao. Akijua mlimficha, hatawaamini tena siku mtakapohitaji awaamini. Wala hamhitaji kumwambia ana saratani, kwa sababu hakuna aliyethibitisha. Mwambieni ukweli ulivyo: picha imeonyesha uvimbe kwenye pafu la kulia, unaweza kuwa kifua kikuu kimerudi, unaweza kuwa saratani, na tunakwenda kutafuta jina lake ili upate dawa inayofaa. Kisha mwulizeni anataka ajulishwe kiasi gani majibu yakitoka, na nani akae naye. Huenda akawashangaza kwa utulivu, na kura yake katika mambo ya India, shamba na kinyama izidi kura zenu zote.

Mtakapoondoka, bebeni diski ya CT ya Mombasa na si karatasi ya majibu peke yake, eksirei zozote za zamani mtakazozipata hata za mwaka 2011, kadi ya matibabu ya kifua kikuu, orodha ya dawa anazotumia, na barua ya daktari. Eksirei ya zamani ni ya thamani kubwa, maana ikionyesha kwamba kivuli hicho hakikuwapo miaka ile, au kilikuwapo kwa ukubwa uleule, daktari wa mionzi atakuwa amepata ushahidi ambao mashine haiwezi kumpa. Ulizeni dawati la SHA, yaani bima ya afya ya serikali, la hospitali mnayokwenda ni kiasi gani kitalipwa na kiasi gani mtatoa mfukoni, mpate jibu hilo kabla ya tarehe ya miadi. Na ikiwa kabla ya tarehe hiyo mzee ataanza kukohoa damu, kuvimba uso na shingo, kushindwa kupumua akiwa ameketi, au kuishiwa nguvu za miguu, msisubiri miadi ya PET. Mpelekeni hospitali ya rufaa iliyo karibu siku hiyohiyo.